Skana ya Leza ya Mkononi: Namna Mpima Anavyochora Ramani ya Ndani ya Jengo kwa Kutembea

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883 mbele ya bahari katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ilianguka wakati kazi za ukarabati zikiendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Mnara wa saa, uliokuwa alama ya mji kwa vizazi kadhaa, ulishuka pamoja na kuta na roshani za upande wa mbele.

Anayekusudia kulisimamisha upya jengo la namna hiyo hukutana na swali moja la kiufundi kabla hata ya kufikia maswali ya fedha: lilikuwa na vipimo gani? Picha za miaka mingi zinaonesha sura ya mbele, madirisha na nguzo. Picha hizo hazisemi unene wa ukuta ulio nyuma ya ngazi, wala dari ya chumba cha pembeni ilikuwa imebonyea kiasi gani kabla haijaanguka. Nyumba za kale za mwambao zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Ni nadra kukuta humo kuta mbili zilizo sambamba sawasawa au vyumba viwili vyenye upana mmoja. Mchoro uliokadiriwa kwa macho huwa ni mchoro wa jengo jingine.

Makala haya yanaeleza kifaa kimoja kilichobadilisha kazi ya kupima sehemu za ndani ambazo kwa muda mrefu zilikuwa hazipimiki kwa urahisi, yaani skana ya leza ya mkononi. Yanaeleza pia mambo ambayo kifaa hicho hakiwezi kuyafanya, kwa kuwa mwananchi mwenye nyumba ya urithi, mjumbe wa kamati ya ujenzi wa shule au mwenye hisa katika mgodi anaweza kukabidhiwa ramani iliyotokana nacho na kutakiwa kuiamini.

Ugumu wa kupima ndani ya jengo una sababu zinazoeleweka. Mfumo wa GPS, ambao wapima ardhi huutegemea kiwanjani na shambani, hupokea mawimbi kutoka kwenye setelaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 20,200 juu ya dunia. Mawimbi hayo hufika yakiwa dhaifu mno, na paa la zege au mwamba wa pango huyazuia kabisa au kuyapotosha. Tepu na timazi bado ni zana za kuaminika, lakini zinahitaji watu wawili, ngazi ya kupandia, na siku nyingi katika jumba lenye vyumba vingi. Ipo pia skana ya leza ya kusimamishwa juu ya stendi ya miguu mitatu. Hiyo hupima kwa usahihi wa milimita chache, na ndiyo iliyotumika katika kazi kubwa za kuhifadhi kumbukumbu za magofu. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, kwa mfano, ulitumia leza kurekodi majengo ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, eneo la urithi wa dunia lililokuwa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini kuanzia mwaka 2004 hadi 2014.

Magofu mengi ya Kilwa hayana paa, na nafasi ya kusimamisha stendi ipo. Hali ni tofauti katika ngazi ya mzunguko yenye upana wa mabega ya mtu mmoja, katika dari ya juu ambako fundi huingia kwa kutambaa, au katika vyumba 40 vilivyounganishwa na vijia vyenye kona. Stendi lazima ihamishwe katika kila kona, na kila inapohamishwa mpima anahitaji kuona sehemu aliyotoka ili vipande viungane. Kazi ya jengo moja hugeuka kuwa mamia ya vituo.

Ufumbuzi ulitokea Australia. Watafiti wa CSIRO, taasisi ya taifa ya utafiti wa sayansi ya nchi hiyo, walichukua kipima umbali kidogo cha leza, wakakifunga pamoja na vihisi vya mwendo, na vyote viwili wakaviweka juu ya springi iliyoshikizwa kwenye mpini. Mtu anapotembea, kichwa cha kifaa huyumba mbele na nyuma kwa nguvu ya hatua zake mwenyewe, na mwale ambao ungepima mstari mmoja tu hufagia chumba kizima kuanzia sakafu hadi dari. Hakuna mota inayokizungusha. Walikiita Zebedee, jina la mhusika wa kipindi cha televisheni cha watoto ambaye mwili wake wa chini ulikuwa springi. Maelezo ya kisayansi ya kifaa hicho yalichapishwa mwaka 2012, na toleo lake la kibiashara likaanza kuuzwa kwa jina la ZEB1.

Namna mwale unavyopima si jambo la kutatanisha. Mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukuta ulio mita 3 kutoka kwenye kifaa hurudisha mwale baada ya nanosekunde 20, yaani sehemu 20 za sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja. Kifaa huhesabu muda huo na kuugeuza kuwa umbali. Kila kipimo huwa nukta moja. Kipima umbali kilichotumika katika ZEB1 hutoa nukta zipatazo 43,000 kwa sekunde na kinaweza kufikia mita 30 ndani ya jengo. Matembezi ya dakika 20 yanaweza hivyo kuzaa zaidi ya nukta milioni 50, ambazo kwa pamoja huitwa wingu la nukta. Vifaa vya miaka ya karibuni hutoa mamia ya maelfu ya nukta kwa sekunde na kufika mita 100. Kwa wale wanaohofia macho yao, vifaa vingi vya aina hii vimewekwa katika daraja la kwanza la usalama wa leza, ambalo halina madhara katika matumizi ya kawaida.

Kazi ngumu iko kwingine. Nukta haina maana isipojulikana kifaa kilikuwa wapi na kilielekea upande gani wakati nukta hiyo ilipopimwa, na mkono wa mtu anayetembea hautulii. Kifaa kinapaswa kujibu maswali mawili kwa pamoja: mimi niko wapi, na ukuta uko wapi. Jibu la kila swali linategemea jibu la mwenzake. Mbinu ya kuyajibu maswali hayo kwa wakati mmoja wataalamu huiita SLAM, na misingi yake ilianza kujadiliwa na watafiti wa roboti katikati ya miaka ya 1980.

Mfano wa karibu ni wa mgeni aliyelala katika nyumba asiyoizoea, kisha umeme ukakatika usiku akiwa na kiu. Ananyoosha mkono na kugusa kiti. Anahesabu hatua tatu, anagusa fremu ya mlango, anageuka kulia, anapapasa ukuta wenye ubaridi. Hatua zake si sawa zote, na kugeuka kwake si kwa pembe kamili, kwa hiyo picha ya nyumba aliyonayo kichwani inaanza kupinda kidogo kidogo bila yeye kujua. Kinachomwokoa ni kukigusa tena kile kiti cha mwanzo. Hapo anatambua kwamba amerudi alipoanzia, na anaweza kuirekebisha picha yote: kumbe korido ni fupi kuliko alivyodhani.

Katika kifaa, hatua zinazohesabiwa ni vihisi vya mwendo, ambavyo hupima mgeuko na mwongezeko wa kasi mara nyingi kwa sekunde, na ambavyo kwa kuhisi mvutano wa dunia hujua upande wa chini uko wapi. Mkono unaopapasa ni leza. Programu huchukua nukta za sekunde hii na kuzilinganisha na za sekunde zilizotangulia, ikatafuta mahali ambapo ukuta uleule umeonekana mara mbili, na kutokana na ulinganifu huo ikakokotoa njia aliyopita mpima. Kosa dogo linaloachwa na kila ulinganisho hujilimbikiza, na wapima hulieleza kuwa ni kuhama kwa ramani. Ukubwa wake si wa kudharau. Ramani ikipinda kwa sehemu moja ya kumi ya nyuzi moja tu, mwisho wa korido ya mita 60 utakuwa umehama kwa zaidi ya sentimita 10, ambazo zinatosha kumfanya mhandisi aone ukuta mnene mahali palipo na ukuta mwembamba.

Hapa ndipo mwandishi anaiona hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu kosa la namna hii halijitangazi. Wingu la nukta lililohama huonekana safi na la kuvutia kwenye skrini kama lile lililo sahihi. Rangi ni zilezile, madirisha yapo, hata ngazi zinahesabika. Anayelitazama hana namna ya kulitambua kosa isipokuwa awe na kipimo kingine cha kulinganisha nacho.

Kwa sababu hiyo, ubora wa ramani hutegemea miguu ya mpima kwa kiasi kikubwa. Huanza na kumaliza mahali pamoja, ili programu ipate kile kiti cha mwanzo. Katika jengo kubwa hupita njia za mzunguko na kurudia vyumba kadhaa kutokea upande wa pili, badala ya kwenda moja kwa moja hadi mwisho na kuzima kifaa. Milango yote hufunguliwa kabla ya kazi kuanza. Mlangoni hupunguza mwendo na kupita kiubavu, kifaa kikiona chumba anachotoka na chumba anachoingia kwa wakati mmoja, kwa maana mpito wa ghafla kutoka ukumbini hadi kwenye kijichumba chembamba ndio unaoichanganya programu zaidi. Huomba watu wasipite huku na huko, na huigawa kazi katika vipindi vifupi. Nje ya jengo huweka alama zilizopimwa kwa vyombo vya kawaida vya upimaji ardhi, ili ramani ifungwe kwenye mfumo wa taifa wa upimaji. Mpima makini humaliza kwa kutoa tepu mfukoni, kupima vyumba vitatu au vinne kwa mkono, na kulinganisha. Wapo wanaoiona hatua hiyo kuwa ya kizamani. Ni tepu hiyo, hata hivyo, inayotoa ushahidi usiotokana na kifaa chenyewe.

Jaribio lililokipa kifaa hiki sifa duniani lilifanyika mwaka 2013 katika Mnara wa Pisa nchini Italia. Mnara huo, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 1173, hauna mstari ulionyooka wa kumsaidia mpima: umeinama, umepinda kidogo katikati kwa sababu wajenzi wa awali walijaribu kuurekebisha wakati wa ujenzi, na ngazi yake nyembamba inazunguka ndani ya unene wa ukuta. Mwezi Januari 1990 ulifungwa kwa wageni, miezi michache baada ya mnara wa mji wa Pavia, pia nchini Italia, kuanguka na kuua watu wanne, na haukufunguliwa tena hadi mwishoni mwa mwaka 2001, baada ya kazi ndefu ya kuimarisha msingi. Licha ya uangalizi wote huo, ngazi za ndani zilikuwa zimevishinda vyombo vya kupimia vilivyotangulia. Mtafiti mwenye Zebedee mkononi alizipanda na kuzishuka, na upimaji wa mnara mzima ukakamilika kwa muda wa dakika 20 hivi. CSIRO imekitumia kifaa hicho pia katika mapango ya Jenolan huko New South Wales, ambako njia hupanda, huzama na kubana kiasi kwamba stendi ya miguu mitatu haina pa kusimama.

Yapo mazingira ambayo kifaa hushindwa hata mikononi mwa mtaalamu. La kwanza ni korido au handaki refu lenye kuta laini zisizo na mlango, nguzo wala dirisha. Humo kila mita inafanana na iliyotangulia, na leza haina cha kushikilia ili kujua kwamba mpima amesonga mbele. Wapima hulazimika kupanga maboksi au vitu vingine kando ya njia ili kuwe na alama. Kioo huuacha mwale upite, kioo cha kujitazamia huurudisha kutoka upande usio wake na kuzaa chumba cha uongo, na maji yaliyotulia hufanya vivyo hivyo. Vumbi zito huonekana kama ukuta. Usahihi wa kifaa cha mkononi kwa kawaida ni wa sentimita moja hadi tatu, kwa hiyo ufa wa milimita mbili unaopanuka mwaka hadi mwaka hautaonekana. Anayetaka kufuatilia ufa atahitaji chombo kingine.

Jambo la pili linazigusa nyumba za mwambao moja kwa moja. Leza hupima uso na haiingii ndani ya ukuta. Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe au ya Lamu mara nyingi hudhoofika mahali pasipoonekana: kichwa cha boriti kilichozama ukutani huloa kutokana na paa linalovuja, mchwa huingia, na chokaa inayokishika huwa unga. Kutoka chini, boriti hiyo bado inaonekana nzima. Nukta milioni 50 hazimwoni mchwa. Ramani inaweza kuonesha kwamba dari imeshuka sentimita 6 katikati kulinganisha na ramani ya miaka mitano iliyopita, na hiyo ni taarifa ya thamani kubwa, lakini fundi wa kugonga boriti kwa nyundo na kusikiliza mlio wake bado anahitajika.

Migodini, matumizi ya kifaa hiki yanahusu maisha ya watu zaidi kuliko kumbukumbu. Katika migodi ya chini ya ardhi, uwazi unaobaki baada ya mwamba kulipuliwa ni eneo ambalo binadamu haruhusiwi kuingia, kwa kuwa paa lake halijategemezwa. Wahandisi wanahitaji kujua umbo la uwazi huo ili wajue mwamba uliobaki una unene gani. Kifaa hushushwa kwa kamba ndani ya kizimba, au hubebwa na ndege nyuki inayojiongoza bila GPS kwa mbinu ileile ya SLAM. Kampuni ya Emesent, iliyoanzishwa mwaka 2018 na waliokuwa watafiti wa CSIRO, ilijikita katika kazi hiyo. Kwa wachimbaji wadogo hali ni tofauti. Duara lenye kina kirefu na matimba ya mbao linaweza kupimwa kwa kifaa kinachoshushwa kwa kamba, na ramani ya namna hiyo ingeweza kuonesha mahali ambapo maduara mawili ya majirani yanakaribia kukutana chini kwa chini. Gharama ya vifaa vya kitaalamu, hata hivyo, bado iko mbali na uwezo wa kikundi cha kawaida cha wachimbaji.

Suala la majengo ya mjini haliwezi kuachwa. Jengo la ghorofa lilipoanguka Kariakoo, Dar es Salaam, tarehe 16 Novemba 2024, watu walionasa katika sehemu ya chini waliwasiliana na waokoaji kutoka chini ya kifusi. Katika tukio la aina hiyo, kila saa ina uzito, na maswali ya mwokoaji ni ya vipimo: ngazi ilikuwa upande gani, chumba cha chini kina upana gani, nguzo zilisimama wapi. Michoro iliyowasilishwa wakati wa kuomba kibali cha ujenzi hujibu maswali hayo ikiwa jengo halijabadilishwa tangu hapo. Pale ambapo kuta zimevunjwa ili kupanua duka, au sehemu ya chini imeongezwa, mchoro wa zamani unaweza kumpeleka mwokoaji mahali pasipo sahihi. Upimaji wa ndani wa jengo la kibiashara la ghorofa chache kwa skana ya mkononi ni kazi ya saa kadhaa, na unaweza kufanyika nje ya muda wa biashara.

Simu nazo zimeingia katika kazi hii. Tangu mwaka 2020 baadhi ya simu na vishikwambi vya bei ya juu vina leza ndogo inayofika mita 5 hivi. Kwa fundi anayetaka kukadiria rangi au vigae vya chumba kimoja, zinatosha. Kwa kumbukumbu ya jengo zima hazifai, kwa sababu ufupi wa mwale huongeza kasi ya kuhama kwa ramani.

Ramani ya ndani ya jengo ni taarifa nyeti pia. Wingu la nukta la benki, mahabusu au nyumba ya mtu huonesha kila mlango, kila kona na mara nyingine hata vitu vilivyokuwa mezani siku ya upimaji. Mwenye jengo ana haki ya kuuliza, kabla mpima hajavuka kizingiti, nani atabaki na nakala na kwa matumizi gani. Kazi inapokamilika anapaswa kukabidhiwa vitu vinne: faili la wingu la nukta katika mfumo ulio wazi, kama E57 au LAS, linaloweza kufunguliwa na programu yoyote ya upimaji, njia aliyopita mpima na tarehe ya kazi, orodha ya alama za nje zilizotumika, na matokeo ya ulinganisho na vipimo vya tepu. Nakala moja ihifadhiwe nje ya jengo lenyewe. Mchoro uliochapishwa kwenye karatasi, hata uwe mzuri kiasi gani, haupokelewi badala ya faili hilo, kwa kuwa mhandisi atakayekuja miaka 20 baadaye hawezi kupima kutoka humo kitu ambacho mchoraji wa leo hakukichora.